Geji za presha kwenye ribridha: zikae wapi, zisomwe vipi

Mzamiaji wa mtungi wa kawaida akitupia jicho geji yake anauliza swali moja tu: nimebakiza kiasi gani, nigeuze au niendelee? Mwenye ribridha anauliza jingine kabisa: mashine inafanya kazi yake au imelala? Nimefunga geji nyingi kwenye mashine za watu, na makosa mengi niliyoyakuta yalitokana na mtu kuichukulia geji ya ribridha kama ile ya mtungi wa kawaida. Anaining'iniza popote, anaitazama mwishoni, halafu anashangaa.

Tukumbushane kwa ufupi mashine yenyewe. Pumzi unayotoa haitoki kwa mapovu. Inazungushwa, inapitishwa kwenye chokaa inayofyonza kaboni dayoksaidi, inaongezewa oksijeni kidogo mahali pa ile mwili ulioitumia, kisha unaivuta tena. Mgongoni kuna mitungi miwili midogo, mara nyingi ya lita 2 au 3. Mmoja una oksijeni tupu. Mwingine una gesi ya kujazia, ambayo wazamiaji huiita diluenti, nayo ni hewa ya kawaida au mchanganyiko wenye heliamu kwa wanaokwenda chini zaidi. Hapa mfano wangu utakuwa mashine kama Inspiration, iliyoingia sokoni mwaka 1997 ikitengenezwa Helston, huko Cornwall, Uingereza: mitungi miwili ya lita 3, valvu zikiwa chini karibu na kiuno, oksijeni upande wa kulia na diluenti kushoto. Mashine nyingi zilizofuata zinashika mpangilio huohuo wa kulia na kushoto. Kijitabu cha mtengenezaji wa mashine yako kikisema tofauti na mimi, fuata kijitabu. Na kama hujasomea mashine yako kwa mwalimu, usianze na geji.

Hesabu kwanza, spana baadaye

Huwezi kuamua geji ikae wapi kabla hujajua mshale wake unatakiwa kwenda mwendo gani. Mtungi wa lita 3 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha presha) una lita 600 za gesi. Mtu anayeogelea taratibu hutumia oksijeni kama lita 1 kwa dakika. Akikaza miguu kupambana na mkondo inaweza kufika 2 au zaidi. Kiasi hicho hakibadiliki kwa kina, maana mwili unachoma oksijeni ileile uwe mita 5 au mita 50. Kwa mtungi wa lita 3, bar moja ni lita 3. Kwa hiyo nusu saa ya mwendo wa polepole inakula lita 30, yaani bar 10.

Sasa tazama uso wa geji. Kwa nyingi, kistari kimoja hadi kingine ni bar 10. Maana yake ni kwamba katika nusu saa nzima mshale wa oksijeni unasogea kistari kimoja. Ukiutazama sasa na ukautazama tena baada ya dakika tano, usione tofauti yoyote. Ukiona tofauti, kuna jambo.

Diluenti ina tabia nyingine. Haitumiwi na mwili. Inajaza nafasi inayominywa na maji unaposhuka. Tuseme mapafu yako na mifuko ya pumzi ya mashine, ile inayopokea pumzi unayotoa, vina jumla ya lita 8. Kushuka hadi mita 40, ambako presha ni bar 5, unahitaji kuongeza mara nne ya hizo: lita 32, karibu bar 11 za mtungi wako. Boya la mgongoni likijazwa kutoka mtungi huohuo, lita 10 za boya kwenye kina hicho ni lita 50 nyingine, bar 17 hivi. Baada ya hapo, ukikaa kina kimoja, mshale wa diluenti unatakiwa utulie kabisa. Anayepanda mita tano kupiga picha na kushuka tena, kisha kupanda tena, ataona diluenti yake inayeyuka, na kosa si la mashine.

Mshale mmoja unatambaa, mwingine unashuka kwa mikupuo kisha unatulia. Ukichanganya upi ni upi, kila unachokiona kitakudanganya. Ndiyo maana kuzitofautisha geji kunakuja kabla ya uzuri wa kuzifunga.

Kuchagua mahali

Vaa mashine yote, pamoja na mitungi ya dharura ya ubavuni, ile utakayovuta mashine ikigoma, kisha lala kifudifudi juu ya benchi au meza ndefu. Usipime ukiwa umesimama. Mpira wa geji, yaani bomba linaloiunganisha na mtungi, unaotosha ukisimama unaweza kuwa mfupi au ukapinda vibaya ukilala, na majini utakuwa umelala. Mwambie mwenzako ashike kamba kwenye tundu la presha ya juu la regyuleta (kifaa kinachokaa kwenye valvu ya mtungi na kupunguza presha), aipitishe chini ya kwapa hadi kifuani, na wewe uonyeshe mahali macho yanapofika kwa kuinamisha kidevu tu. Pima kamba hiyo. Kwa mashine yenye valvu kiunoni mara nyingi inakuja kama sentimita 60. Usinunue mpira kwa kukisia.

Pale kidevu kinapoelekea ndipo kazi inapokuwa ngumu, hasa kama mashine yako ina mifuko ya pumzi kifuani. Mifuko ikijaa inafunika geji. Ukiifunga juu ya mfuko, inapanda na kushuka na kila pumzi. Mahali ninapopapenda mimi ni kwenye mkanda wa bega, chini kidogo ya pete ya D ya kifuani, upande wa ndani, uso wa geji ukiangalia kidevu. Kwa mashine zenye mifuko ya mgongoni kifua kiko wazi na kazi ni rahisi. Kwa zile za kifuani, wengine hushusha geji hadi kwenye pete ya kiunoni na kuifunga kwa klipu. Inakubalika, ila kila ukitaka kusoma lazima uifungue, na kitu kinachohitaji kufunguliwa mtu hukisoma mara chache.

Oksijeni ikae kulia, diluenti kushoto, kila geji upande wa mtungi wake. Usivushe mpira upande wa pili eti kuna nafasi. Siku valvu inapotakiwa kufungwa kwa haraka, jicho likiona tatizo kulia, mkono uende kulia.

Kuna geji ndogo za kifungo zinazokaa moja kwa moja kwenye regyuleta bila mpira. Ni nadhifu, ila ukishavaa mashine huzioni tena. Atakayeziona ni mwenzako, kama yupo na kama anajua anachokitazama. Mimi nazikubali kwa ukaguzi wa juu ya boti, si kwa kuzamia.

Kufunga, hatua kwa hatua

Osha mikono. Sisemi kwa adabu tu. Kwenye oksijeni tupu yenye presha kubwa, mafuta yanaweza kushika moto, na pwani kwetu mikono ina mafuta ya nazi, mafuta ya kuzuia jua, au ya samaki wa kukaanga. Upande wa oksijeni tumia geji, mpira na oringi (pete ndogo za mpira za kuzuia kuvuja) zilizosafishwa kwa kazi ya oksijeni, na grisi maalumu ya oksijeni, kidogo sana. Grisi ya gereji isikaribie meza hiyo. Geji iliyowahi kufanya kazi kwenye hewa ya kompresa usiihamishie oksijeni mpaka isafishwe upya.

Hakikisha valvu zote zimefungwa na presha imetolewa. Tafuta tundu lililoandikwa HP, yaani presha ya juu, kwenye regyuleta. Ni pana kidogo kuliko matundu ya presha ya chini, na nyuzi zake ni tofauti. Mpira ukikataa kuingia, umekosea tundu, usilazimishe. Ndani kabisa utaona kijitundu kama cha ncha ya pini. Kiache kilivyo. Kimewekwa makusudi ili mpira wa geji ukipasuka gesi itoke taratibu. Ndiyo maana mpira wa presha ya juu ukipasuka unapiga kelele nyingi lakini unamaliza mtungi polepole kuliko wa presha ya chini.

Kagua oringi ya mwisho wa mpira: isiwe na mkato, isiwe bapa. Funga kwa vidole hadi ikae, kisha kaza kwa spana kwa mguso mdogo tu. Kinachozuia gesi ni oringi, nguvu za mkono wako hazisaidii kitu. Upande wa geji kuna kipini kidogo chenye oringi mbili kinachoiruhusu geji kuzunguka. Hapo ndipo kunapovuja kuliko kwingine kote. Ukikuta kimepata mikwaruzo, weka kipya. Oringi mpya juu ya kipini kilichochakaa itakudumu wiki moja.

Sasa fungua valvu, na hapa tulia. Geuza uso wa geji mbali na wewe na mbali na watu. Nyuma ya geji nyingi kuna kizibo cha kutolea presha endapo bomba la ndani litapasuka, kwa hiyo usiishike kwa kuibana kiganjani wala usiielekeze nyuma yake kwa mtu. Fungua oksijeni polepole sana, kidogo kidogo, mshale upande bila kuruka. Gesi ikiingia kwa kishindo inajiminya mwisho wa mpira na kuwa ya moto mno, na kwenye oksijeni huo ndio mwanzo wa ajali. Mshale ukishasimama, fungua hadi mwisho. Valvu iwe wazi kabisa au ifungwe kabisa. Mambo ya robo mzunguko yamewachanganya wengi.

Tia regyuleta na geji kwenye ndoo ya maji safi, au pakaza povu la sabuni isiyo na mafuta upande wa diluenti. Subiri dakika mbili. Povu moja kila sekunde chache kutoka kwenye kipini linaonekana dogo, ila kwenye mtungi wa lita 3 si kama kwenye wa lita 12.

Kisha funga mpira kwenye mkanda kwa lastiki, ile ya kamba ya mpira kama wanayofungia mizigo kwenye bodaboda, ya unene mdogo. Sehemu mbili zinatosha: moja karibu na kwapa, nyingine nyuma ya geji. Zip tai ni imara mno. Mpira ukinasa kwenye waya wa meli iliyozama unataka kifungo kitakachokatika kwa kisu au kunyooka, kisikushikilie.

Alama ambazo mkono unazisoma

Rangi peke yake haitoshi. Ulaya bega la mtungi wa oksijeni ni jeupe, Marekani oksijeni ni kijani, na vifaa vinavyofika kwetu vinatoka pande zote mbili. Andika neno zima, OKSIJENI, kwenye tepu nyeupe nyuma ya geji na kwenye mpira wake. Geji ya diluenti andika mchanganyiko uliomo.

Halafu weka alama ya kupapasa. Kwenye mpira wa oksijeni, sentimita tano kutoka kwenye geji, nafunga fundo moja la uzi mnene. Kwenye diluenti mafundo mawili. Katika maji ya tope au usiku taa ikizimika, kidole gumba kinajua kiko wapi. Jizoeze ukiwa umefumba macho sebuleni. Watoto watakucheka, waache.

Geji iliyojaa kwa valvu iliyofungwa

Hili nalisimulia kwa sababu lilinipata mwenyewe. Tulikuwa tumekaguana, kila kitu sawa. Nahodha akasema tusubiri mkondo upungue. Nikafunga valvu ya oksijeni ili isivuje bure juani, nikakaa kivulini, nikanywa maji, tukaongea. Mara nahodha akaita, "Fundi, maji yamesimama, twende!" Nikavaa, nikatazama geji ya oksijeni: 180. Nikanyanyua miguu kuelekea ubavuni mwa boti.

Mazoea ya mkono ndiyo yaliyoniokoa. Nilibonyeza kitufe cha kuongezea oksijeni huku macho yako kwenye geji, na mshale ukaporomoka kutoka 180 hadi sifuri mara moja. Valvu ilikuwa bado imefungwa. Ile 180 ilikuwa gesi iliyonaswa ndani ya mpira na regyuleta, kiasi cha kijiko. "Subiri kidogo, nahodha."

Kwa hiyo geji isomwe kwa kuulizwa. Bonyeza kitufe cha oksijeni sekunde mbili tatu, macho kwenye mshale. Usipotikisika, valvu iko wazi. Ukishuka na kupanda tena kwa uvivu, valvu imefunguliwa nusu au kichujio cha regyuleta kimeziba. Ukianguka na kubaki chini, valvu imefungwa. Fanya hivyohivyo kwa diluenti, kisha vuta pumzi kwenye regyuleta ya kila mtungi wa dharura huku ukitazama geji yake. Fanya ukiwa umeshavaa, dakika ya mwisho, na baada ya hapo asiguse mtu valvu zako, hata yule kijana wa boti mwenye nia njema anayekusaidia kusimama.

Kusoma ukiwa chini

Kioo cha PO2, kinachoonyesha presha ya oksijeni iliyomo kwenye pumzi unayovuta, ndicho cha kwanza, kila wakati. Geji haziwezi kukuambia kama unachovuta kinafaa kuvutwa. Mtungi unaweza kuwa na bar 150 na wewe ukapoteza fahamu. Mimi natazama kioo angalau kila dakika, na geji zote mbili kila dakika kumi hivi, pamoja na kila ninapobadilisha kina. Namba naziandika kwenye ubao wa mkononi, maana kumbukumbu ya mita 40 si ya kutegemea.

Oksijeni ikishuka haraka kuliko hesabu, sababu ni mbili hasa: kuna mahali panavuja, au solenoidi, ile valvu ya umeme inayoingiza oksijeni, imekwama wazi. Tazama kioo: PO2 ikipanda pamoja na mshale kushuka, ni solenoidi, na mkono uende kwenye valvu ya oksijeni kama ulivyofundishwa. PO2 ikitulia lakini mshale unashuka, gesi inakwenda nje. Mwombe mwenzako atafute mapovu. Na oksijeni isiposhuka kabisa kwa muda mrefu wakati PO2 inateremka, mashine haiongezi kitu, na hiyo ni hatari ya kimya kuliko zote.

Wakati wa kupanda usishtuke oksijeni ikiliwa zaidi. Presha inapungua, PO2 inashuka, mashine inaongeza oksijeni kuifidia, na nyingine inatoka kwa mapovu. Tenga akiba kwa ajili ya sehemu hiyo. Mimi naanza kurudi oksijeni ikiwa bado juu ya bar 80, ingawa kwa hesabu tupu bar 50 za mtungi wa lita 3 ni lita 150, zaidi ya saa mbili za mwendo wa polepole. Hesabu tupu haijui kuvuja.

Akiba ya diluenti nayo watu huidharau kwa sababu haishuki. Lakini ndiyo utakayotumia kusafisha mzunguko wa pumzi, yaani kuitoa gesi iliyomo na kuweka mpya, PO2 ikikutia shaka. Kubadilisha lita 8 mara moja kwenye mita 40 ni lita 40, bar 13, na mara moja haisafishi vizuri.

Jambo moja la kwetu kwenye joto: mtungi uliokaa juani hadi nyuzi 45 ukisoma 200, ukiingia kwenye maji ya nyuzi 27 utasoma kama 189. Hakuna kilichovuja. Soma tena dakika chache baada ya kuingia majini na uhesabu kuanzia hapo.

Mitungi ya dharura

Hapa mpira mrefu ni adui. Tumia wa sentimita 15, ukunje ili geji isimame juu ya regyuleta ikikutazama, na uubane kwa lastiki. Geji ya mtungi wa dharura ndiyo pekee inayosomwa kama ya mzamiaji wa kawaida. Mtungi wa lita 11 wenye bar 200 una lita 2,200. Mtu aliyeshtuka, anayevuta lita 30 kwa dakika, kwenye mita 40 anakula lita 150 kila dakika. Haifiki robo saa, na bado hajaanza kupanda.

Transmita

Transmita zinazotuma presha kwa redio hadi kwenye kompyuta ya mkononi zinaondoa mpira mmoja au yote miwili. Sizikatai. Ila betri yake hufa, na mshale hauhitaji betri: ndani ni bomba la shaba lililopinda, lile alilolisajili Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, linalonyooka presha ikipanda. Mwenye transmita kwenye oksijeni na abaki na geji ya mshale, hata ndogo. Ukifunga mbili, fungua valvu moja kwa wakati na utazame ni namba ipi inayopanda kwenye kioo. Nimekuta mashine ambayo oksijeni ilikuwa inasomeka kama diluenti kwa safari nzima. Na waambie vijana wa boti kwamba ile si mpini wa kunyanyulia mashine.

Baada ya kutoka

Suuza geji kwa maji baridi mitungi ikiwa bado na presha, kisha funga valvu na toa gesi kwa vitufe. Mshale urudi sifuri. Ukibaki kwenye 10, geji imechoka. Ukiona ukungu au tone la maji nyuma ya kioo, itoe kazini siku hiyohiyo. Kila miezi michache ilinganishe na geji ya dijitali ya kituo cha kujazia, kwenye 200, 100 na 50. Tofauti ya chini ndiyo inayouma, maana ndiko utakakokuwa ukisoma kwa wasiwasi. Ikipungua au kuzidi, andika kwenye tepu ya nyuma, kwa mfano "toa 10", mpaka utakapoibadilisha. Kisha andika daftarini presha za kuingia na kutoka, oksijeni na diluenti mbalimbali, pamoja na dakika ulizokaa. Kurasa kumi za namba hizo zitakuonyesha ulaji wako halisi kwa dakika, na huo ndio utakaotumia kwenye hesabu badala ya lita 1 niliyoitaja mimi.